Oili Nyingi Haiokoi Injini: Dhana Potofu Kuhusu Mashine za Kufyekea Majani

Mvua za Novemba zikishashika kasi na majani yakapanda hadi magotini katika viwanja vya shule, makaburini na katika mashamba ya parachichi ya Rungwe, mashine za kufyekea za petroli huanza kumiminika kwa mafundi wa Mwanjelwa na Uyole, hapa Mbeya, na nyingi huja na maelezo yale yale: "Fundi, mbona mimi niliiongezea oili, tena nyingi, na bado imekufa?" Ni swali ambalo nimelijibu mpaka nimechoka, kwa sababu anayeliuliza huwa ameshajijibu bila kujua.

Nyingi ya mashine hizi zina injini ya stroki mbili, na injini hiyo haina sampu, yaani bakuli la kukaa oili chini yake, kama ya gari. Oili huingia pamoja na petroli kupitia kabureta, hupaka beringi za krankshafti, pistoni na kuta za silinda, kisha huungua na kutoka na moshi. Kwa kuwa inaungua, kiasi chake ni sehemu ya hesabu ya mwako, wala si akiba ambayo mtu anaweza kuizidisha kwa nia njema. Mashine nyingi za sasa hutaka uwiano wa 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, au mililita 100 kwa dumu la lita 5. Nyingine hutaka 25 kwa 1, yaani mililita 40 kwa lita. Uwiano huo umeandikwa katika kitabu cha mashine na mara nyingi hata kwenye kizibo cha tangi, lakini kitabu ndicho kitu cha kwanza kutupwa pamoja na boksi.

Oili inapozidi, ile isiyoungua hugeuka masizi yanayoganda kwenye plagi, kwenye tundu la kutolea moshi, kwenye wavu mdogo ulio ndani ya mafla (kipunguza kelele cha bomba la moshi) na katika mifereji ya ringi za pistoni. Ringi zikikwama, mgandamizo hupungua, mashine hupoteza nguvu, na mwenyewe akiona imelegea anaiongezea oili nyingine. Isitoshe, oili iliyozidi imechukua nafasi ya petroli, hivyo petroli inayoifikia silinda ni pungufu kwa hewa ile ile, jambo linaloongeza joto badala ya kulipunguza. Anayeweka petroli tupu naye hana wa kumcheka mwenzake, kwa kuwa pistoni itasuguana na silinda bila utelezi wowote na injini inaweza kunoki ndani ya dakika chache.

Dhana hiyo ina pacha wake, yaani imani kwamba oili ni oili. Oili ya injini ya gari imetengenezwa ili ikae ndani ya sampu, haikutengenezwa ili iungue, na viungo vyake vya kusafishia huacha majivu kwenye plagi na juu ya pistoni. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari siitolei hata maelezo. Oili ya injini za boti, ambayo wengine huipata kwa wavuvi wa Ziwa Nyasa, ni ya stroki mbili kweli, lakini ilikusudiwa injini zinazopozwa kwa maji, ilhali mashine ya kufyekea hupozwa kwa hewa na hupata joto kali zaidi. Tafuta chupa ya oili ya stroki mbili iliyoandikwa JASO FC au FD, ambazo ni alama za ubora wa oili hiyo. Kama mashine yako ni ya stroki nne, na zipo, oili yake hukaa mahali pake peke yake na haichanganywi na petroli kamwe.

Kuhusu kipimo, kizibo cha soda si kipimo na jicho la fundi pia si kipimo. Ushauri wangu, ambao wateja huucheka kisha wakarudi kunishukuru, ni kununua bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, bila sindano yenyewe. Kwa mashine ya 50 kwa 1, bomba moja la oili ni kwa lita moja ya petroli, na hapo hesabu imekwisha. Mpira wake utavimba kadiri siku zinavyokwenda, basi nunua jingine. Weka nusu ya petroli kwenye dumu la mafuta, ongeza oili, tikisa, malizia petroli, tikisa tena, na utikise kila unapojaza tangi. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi mmoja usiupe mashine, kwa sababu petroli iliyochacha huacha utando unaoziba njia nyembamba za kabureta.

Huku kwetu nyanda za juu kuna jambo linalowachanganya watu zaidi. Mbeya mjini iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Mashine iliyorekebishwa Dar es Salaam ikiletwa huku hupata petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, hutoa moshi na huunguruma kwa kukwama kwama. Mwenye mashine akiona moshi huo huilaumu oili na kuipunguza, wakati kinachohitaji kurekebishwa ni kabureta. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: fundi wa Mbeya anakaza skrubu ya mafuta mpaka injini itulie, kisha mashine inateremshwa Kyela, karibu na usawa wa ziwa, kwenye mita zipatazo 500. Kule hewa ni nzito, petroli inakuwa haba, mashine inalia kwa sauti nyembamba ya kuvutia, na wakati huo huo pistoni inaungua. Unapoishusha, mwambie fundi.

Kuhusu kukata kwa nusu gesi, yaani kwa kasi ya nusu, ili kuipumzisha injini, ukweli ni kwamba klachi huteleza na kuungua, na masizi huongezeka. Kata kwa gesi kamili, kisha uiachie unapohama bila kukata.

Waya wa kufungia nondo hauchukui nafasi ya kamba ya nailoni inayozunguka na kukata majani. Kipande chake kikikatika huruka kama risasi. Vichwa vya kukatia vyenye minyororo ya chuma ni hatari vivyo hivyo, na mwaka 2012 Tume ya Ulaya iliagiza nchi wanachama kupiga marufuku uuzaji wake. Kamba ikikatika ovyo, kwa kawaida imekauka tu, kwa hiyo iloweke kwenye ndoo ya maji usiku kucha.

Wanaoifungua ile kinga ya plastiki iliyo juu ya kamba kwa madai kwamba inakusanya majani wanaondoa pia kisu kidogo kinachopunguza urefu wa kamba. Kamba ndefu huilemea injini, na mawe yote hubaki bila kizuizi. Miwani ya jua haizuii jiwe. Vaa miwani ya kazi, na watu, hasa watoto wanaopenda kuja kutazama, wakae umbali wa mita 15. Usijaze mafuta injini ikiwa ya moto, na baada ya kujaza usogee hatua kadhaa kabla ya kuiwasha.

Kiangazi kinapoingia, usiitundike mashine ikiwa na mafuta kwa kuamini kwamba tangi lililojaa halipati kutu. Matangi mengi ni ya plastiki. Mwaga mafuta yote, washa mpaka ijizime, fungua plagi, dondosha matone machache ya oili ya stroki mbili ndani ya silinda, vuta kamba ya kuwashia polepole mara mbili au tatu, kisha urudishe plagi.