DPI 300 si ubora wa hifadhi

"Nimeipandisha hadi DPI 300, sasa ina ubora wa hifadhi." Kauli hii, ambamo DPI ni idadi ya nukta (pikseli) kwa inchi, husemwa na watu wanaokabidhiwa michoro ya zamani ya kompyuta ili waiokoe, na husemwa kwa nia njema kabisa. Ubaya wake ni kwamba aliyeisema huona kazi imekwisha, akafuta faili la asili, na kilichobaki mkononi ni picha ambayo hakuna aliyeilinganisha na chochote.

Maana yenyewe ni fupi. Mchoro wa vekta ni maagizo: piga mstari toka hapa hadi pale, jaza umbo hili rangi fulani, andika neno hili kwa fonti ile. Picha ya rasta ni safu za pikseli, kila pikseli na rangi yake. Kugeuza vekta kuwa rasta ni kuiachia programu iyatekeleze maagizo, kisha kuhifadhi pikseli zilizotokea. Picha hiyo inakuwa na ubora wa hifadhi pale ambapo mtu atakayeifungua baada ya miaka mingi, bila programu iliyochora, ataona alichokusudia mchoraji na kujua picha ilipatikanaje.

DPI inaingia wapi? Ndani ya faili la TIFF, aina mojawapo ya faili la picha ya rasta, kuna mahali pa kuandika idadi ya pikseli kwa inchi. Ukifuta 72 ukaandika 300 hapo, hakuna pikseli hata moja inayobadilika. Picha yenye upana wa pikseli 1200 itachapwa kwa inchi 4 badala ya zaidi kidogo ya 16, basi. Namba hiyo ina uzito wakati wa kugeuza tu, kwa sababu hapo inazidishwa kwa ukubwa wa mchoro: ukurasa wa A4 kwa 300 unatoa pikseli 2480 kwa 3508, kwa 600 unatoa 4961 kwa 7016. Kwa hiyo ukisema 300 bila kutaja ukubwa wa mchoro, hujasema kitu. Na ziko fomati ambazo ukubwa huo haumo kabisa. WMF, fomati ya michoro ya Windows, kwa mfano, hurekodi amri za kuchora, na isipokuwa imewekewa kichwa cha nyongeza kilichobuniwa na kampuni ya Aldus, haisemi mchoro una inchi ngapi. Programu inabuni ukubwa, halafu inauzidisha kwa 300 yako.

Hata ukubwa ukijulikana, kuongeza DPI si lazima kuboreshe picha. Kunaweza kuibadilisha. Katika PostScript, lugha ya maagizo ya kuchora ambayo ndiyo lugha ya mafaili ya EPS, mstari wenye unene wa sifuri unaruhusiwa, na maana yake ni "mstari mwembamba kuliko yote ambayo kifaa kinaweza kuchora", yaani pikseli moja. Kwa 72, pikseli moja ni milimita 0.35, mstari unaonekana vizuri. Kwa 300 ni milimita 0.085. Kwa 600 ni 0.042, na ukichapwa hivyo unakaribia kupotea machoni. Faili ni lile lile na maagizo ni yale yale, lakini mipaka ya ramani iliyokuwa wazi sasa inatafutwa kwa shida. Aliyechagua 600 akiamini anaheshimu mchoro ameuondolea mistari, na ripoti yake itasema ubora umepanda.

EPS ina mtego mwingine. Mafaili mengi ya aina hiyo yamebeba ndani yake kipicha kidogo cha rasta, kilichowekwa ili programu isiyoelewa PostScript iwe na kitu cha kuonyesha kwenye skrini. Ukitumia programu ya namna hiyo kugeuza, unachohifadhi ni kile kipicha, kimetanuliwa hadi pikseli unazotaka. Kingo zikiwa na ukungu au ngazi ngazi, jiulize kama maagizo yalitekelezwa kweli kabla ya kulaumu umri wa faili.

Kinachonisumbua zaidi, hata hivyo, ni fonti. Mafaili ya zamani mara nyingi hutaja jina la fonti bila kuibeba fonti yenyewe. Isipopatikana, programu huweka nyingine, mara nyingi bila onyo linaloonekana. Maneno kutoka nje ya kisanduku chake ni kasoro ambayo jicho litaikamata. Isiyokamatwa ni ile ya alama. Katika fonti ya Symbol, herufi ya Kigiriki μ inakaa kwenye nafasi ya m ya kawaida. Fonti ikibadilishwa na ya Kilatini, μm (mikromita) kwenye kipimo cha mchoro wa kisayansi inasomeka mm (milimita). Kosa la mara elfu moja, lenye kingo safi, kwa DPI yoyote upendayo. Hakuna atakayelishuku, maana picha inapendeza.

Rangi nazo zina mambo yake: mchoro ulioandaliwa kwa CMYK, yaani rangi za wino wa kuchapa, ukigeuzwa kuwa RGB, rangi za skrini, bila wasifu wa rangi unaoeleza rangi zilivyokusudiwa, programu inakisia. Na JPEG huacha madoadoa pembeni mwa mistari na herufi, kwa hiyo tumia TIFF au PNG, zinazoweza kubana faili bila kupoteza kitu. Haya yanajulikana zaidi, siyarudii kwa kirefu.

Faili la asili lisifutwe. Kutoka vekta kwenda rasta ni njia ya kwenda tu. Programu zinazofuatisha kingo za pikseli ili kurudisha vekta hukisia maumbo, na maneno yanarudi yakiwa michoro ya herufi, hayatafutiki. Ukiweza, weka pia nakala ya PDF/A, aina ya PDF iliyotengenezwa kwa ajili ya hifadhi ya muda mrefu, ambayo tangu toleo lake la kwanza la mwaka 2005 inadai fonti zibebwe ndani na inaruhusu vekta kubaki vekta.

Kwa hiyo mwenzako akikuambia picha iko DPI 300, usimkatishe tamaa. Muulize ina pikseli ngapi kwa ngapi, mchoro ulikuwa na ukubwa gani, programu ipi na toleo lipi ndilo lililogeuza, fonti zote zilipatikana au la, na nani aliyeilinganisha na chapa ya zamani kama ipo. Majibu yakiandikwa kwenye metadata, yaani maelezo kuhusu faili, karibu na faili la asili, hapo anaweza kuitaja hifadhi. Kabla ya hapo aseme tu kwamba ameigeuza kuwa rasta. Ni kauli ya kweli, na inatosha.