Kijijini si stoo yako ya pili

Kila nyumba ninayoingia kutoa makorokoro hapa Mbeya, iwe Isanga, Forest au Uyole, nakuta rundo moja ambalo siruhusiwi kuligusa. "Hayo yaache, yanakwenda kijijini." Nikiuliza yanakwenda lini, naambiwa gari likipatikana, au Krismasi tukishuka Tukuyu. Wiki iliyopita nimeambiwa tena, na ndani ya rundo hilo mlikuwa na nguo za mtoto mchanga ambaye sasa yuko kidato cha tatu. Nimechoka kulijibu hili mlangoni kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika.

Mepesi kwanza. Sufuria zilizotoboka na vyuma vya kitanda wape watu wa chuma chakavu, wanapita mtaani wenyewe na mizani yao. Dawa zilizopita muda zitoke. Hati ya kiwanja, vyeti na kadi za kliniki asiguse mtu, hata mimi, mpaka mwenyewe akae azipitie. Basi, hayo hayana ubishi.

Sasa turudi kwenye rundo. Chukua godoro la sponji. Mvua zetu zinaanza Novemba na kuachia mwezi wa tano, na stoo nyingi hazina dirisha. Ukilisimamisha godoro ukutani, upande unaogusa ukuta unavuta unyevu miezi yote hiyo. Juni ukilivuta unakuta madoa meusi ya ukungu, na kwenye kona panya wametafuna sponji wakazalia humo. Kwa mbele bado linaonekana zima, kava linaficha kila kitu. Siku ulipoliweka lingepata mnunuzi kabla ya jioni. Leo hakuna anayelitaka, na ndipo linapopewa jina la godoro la kijijini. Hapo ndipo ninapokasirika. Tena unalipeleka Tukuyu, kwenye mvua nyingi kuliko hapa mjini, akalale nani?

Mama yako hawezi kukataa kitu alicholetewa na mwanawe. Atashukuru, atakuombea, kisha ataliweka chumba cha nyuma pamoja na lile la kaka yako. Nimeviona hivyo vyumba. Friji isiyopoza imekuwa kabati la mahindi kwa sababu fundi yuko mjini, na nyumba yenyewe ina sola ya kuwashia taa tu. TV ya chogo haionyeshi kitu bila king'amuzi, tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini mwishoni mwa 2012, na king'amuzi hakuna aliyekumbuka kukipeleka. Huko si kumsaidia mzazi, ni kumpa mzee wa watu kazi ya kutunza vitu vilivyokushinda wewe.

Simaanishi usipeleke chochote. Piga simu, ila usiulize "Mama, nikuletee godoro?", maana jibu la hapo ni ndiyo siku zote. Uliza wanahitaji nini. Utaambiwa blanketi, mbolea, daftari za wajukuu, pengine bati mbili za jikoni. Basi uza godoro likiwa bado zima, umtumie hela kwenye simu anunue anachokitaka. Na uuze kwa msimu. Wanafunzi wa chuo kikuu cha MUST na vyuo vingine wanapoingia Oktoba na Novemba wanatafuta magodoro, meza na majiko ya gesi. Mahindi yakishavunwa na kahawa ya Mbozi ikianza kulipa, muuzaji wa soko la Mwanjelwa naye anaona wateja. Januari usithubutu: kila mtu ana ada, utauza kwa bei ya kutupa.

Kuna kanuni inayosambaa kwamba kitu usichokitumia mwaka mzima kitoke. Kwetu siikubali kama ilivyo. Yale masufuria makubwa yanaweza kukaa miaka miwili bila kuguswa, kisha msiba ukitokea mtaani yanapika siku tatu mfululizo. Hayo si makorokoro, ni mali ya ujirani, mradi majirani wajue unayo. Blanketi zito nalo usilipime Desemba, lipime Julai.

Kuna mambo mawili sijayapatia jibu. Nguo za marehemu sina kanuni nazo. Familia nyingine wazee hugawa mapema na watu wanapumua, nyingine zinakaa kabatini miaka na mjane anazishika kila Jumapili, nami sioni kosa lake. Ninaziruka. La pili ni hizo TV za chogo. Kioo chake kina madini ya risasi. Wanaozinunua wanataka shaba, na kioo kinaishia kuvunjwa na kutupwa. Ninazitoa kwenye nyumba za watu, lakini sijaridhika na zinakoishia.

Siku hizi sianzi kazi mpaka mwenye nyumba aniambie tarehe ya gari, na naiandika kwa kalamu ya wino kwenye rundo lenyewe. Kama kweli linakwenda, nenda leo stendi ya Nane Nane ukaulize Koasta ya Tukuyu wanatoza kiasi gani kubeba godoro na friji. Ukishasikia bei hiyo, ndipo unipigie.