Kesi ya haki huanza kabla ya wakili: tuliyojifunza Owino Uhuru

Mtu akiingia kliniki yetu ya msaada wa kisheria hapa Mombasa, mara nyingi huuliza bei kabla ya kuketi. "Wakili, kesi kama hii yala pesa ngapi?" Nyumba yake imebomolewa bila ilani, au mwanawe amelala seli siku tatu bila kufikishwa kortini, au kisima cha mtaa kimeingiwa na maji ya kiwanda, lakini linalomkosesha usingizi ni ada ya masjala. Naanza hapo basi, kwa sababu wengi huziacha haki zao mlangoni kwa kuogopa gharama wasizozijua.

Kifungu cha 22 cha Katiba ya 2010 kimempa kila mtu ruhusa ya kwenda mahakamani akidai kwamba haki iliyomo katika Sura ya Nne amenyimwa, imevunjwa au imo hatarini kuvunjwa. Anaweza kwenda kwa ajili yake mwenyewe, kwa niaba ya mtu asiyeweza kujitetea, kwa niaba ya kundi, au kwa maslahi ya umma. Chama nacho chaweza kwenda kwa niaba ya wanachama wake. Kifungu hichohicho kinaagiza kwamba kusitozwe ada ya kuanzisha shauri la aina hii na kwamba taratibu zake zisiwe nzito. Kanuni zilizotungwa mwaka 2013, ambazo sisi mawakili tumezoea kuziita Kanuni za Mutunga kwa jina la Jaji Mkuu wa wakati huo, zinairuhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida, au malalamiko ya mdomo yakaandikwa hapohapo, mradi yaonyeshe haki iliyovunjwa. Ukiambiwa ulipe dirishani, taja kifungu cha 22(3) kwa upole na uombe kumwona naibu msajili.

Wepesi huo una mpaka wake. Tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru ya mwaka 1979 mahakama zetu zimeshikilia kwamba mlalamishi aseme bayana ni haki gani, kifungu kipi, na kimevunjwa vipi. Kusema "nimeonewa" hakutoshi. Sema ni nani alifanya nini, lini, wapi, na wewe ukaumia vipi. Na maelezo hayo sharti yatoke mahali fulani, ndipo tunapofika kwenye gharama ya kweli ya kesi ya haki, ambayo ni ushahidi. Mfano nitakaoutumia uko karibu nasi mno.

Owino Uhuru ni mtaa wa watu wa kipato kidogo huko Mikindani. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi ukutani mwao, kikitoa risasi, yale madini mazito yaliyomo ndani ya betri. Moshi ulitua juu ya nyumba mpaka mabati yakaliwa, na maji machafu yakapita kwenye mitaro ambamo watoto walikuwa wakicheza. Risasi ikishaingia mwilini haina kazi yoyote ya maana humo. Huharibu figo, huwafanya wajawazito wapoteze mimba, na kwa mtoto mdogo hugusa ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani humo mwaka 2009. Kazi mojawapo aliyopewa ilikuwa kutayarisha ripoti ya athari za mazingira, naye akaonya kwamba kiwanda hakikufaa kuwa pale katikati ya makazi. Hakusikizwa. Kisha mtoto wake mchanga akaugua, akazungushwa hospitalini kwa homa isiyoisha, hadi damu yake ilipopimwa risasi na ikapatikana. Aliipata kwa kunyonya. Mama huyo angeweza kumhangaikia mwanawe peke yake akanyamaza. Aliacha kazi, akatafuta pesa za kuwapima watoto wengine watatu wa mtaa, na majibu yao yakawa mabaya vilevile.

Vile vipimo vya watoto watatu ndivyo ninavyowatajia wateja wangu kila mara. Wakati vinafanywa hakukuwa na kesi mahakamani. Hakukuwa na wakili aliyesimama mbele ya jaji. Shauri lenyewe lilifunguliwa mwaka 2016, miaka saba baadaye, na katikati ya hapo ziliandikwa barua, zikafanywa ziara za ofisi za serikali, yakafanyika maandamano. Mwaka 2012 Omido alikamatwa kwa sababu ya maandamano hayo, akashtakiwa, na baadaye akaachiliwa na mahakama. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Kila hatua katika hizo iliacha karatasi, na karatasi hizo ndizo zilizobeba kesi.

Kwa hiyo nasema hivi kwa mtu yeyote anayeona haki ya mtaa wake ikikanyagwa leo. Tafuta daftari. Andika tarehe, saa na ulichokiona kwa maneno yako: moshi ulitoka saa tisa usiku, ukuta ulianguka Jumanne, askari walikuja na gari la rangi hii. Daktari akikuandikia, usiitupe ile karatasi kwa kuwa dawa zimekwisha. Barua unayompelekea chifu, kaunti au NEMA, ile mamlaka ya kusimamia mazingira, ipeleke nakala mbili, moja ubaki nayo ikiwa imepigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Mara ngapi nimesikia "tuliwaambia kwa mdomo, wakasema watakuja"! Nawaamini watu hawa, lakini jaji hawezi kuiandika imani yangu katika hukumu. Picha na video za simu zinapokelewa kortini, ila Sheria ya Ushahidi inataka ziambatane na cheti kinachoeleza zilivyopigwa na zilivyohifadhiwa, kwa hiyo simu iliyopiga isiuzwe wala isifutwe kitu.

Iko njia nyingine ambayo wananchi wachache huitumia. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi lako la habari, na ikiwa jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Unaweza kuomba nakala ya leseni ya kiwanda, ripoti ya tathmini ya athari za mazingira, orodha ya waliohudhuria kikao kinachodaiwa kuwa kilifanyika mtaani kwenu. Ombi lisipojibiwa, ukimya huo nao ni ushahidi.

Turudi mahakamani. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamua kwamba haki za wakazi wa Owino Uhuru zilivunjwa: haki ya mazingira safi, ya afya, ya maji safi, na ya uhai wenyewe. Ikaamuru wakazi, wapatao 3,000, walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na udongo wa mtaa usafishwe, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kuusafisha.

Kiasi hicho ndicho kilichopamba vichwa vya magazeti. Mimi nilivutwa zaidi na orodha ya waliowajibishwa. Wenye kiwanda walikuwemo, lakini fungu kubwa kuliko yote, asilimia 40, lilibebeshwa NEMA, na wizara za serikali nazo hazikusalimika. NEMA haikuyeyusha betri hata moja. Kosa lake lilikuwa kwamba jukumu la kuzuia lilikuwa lake na halikutimizwa. Kifungu cha 21 cha Katiba kinaitaka serikali iheshimu haki na pia izilinde, maana yake ofisa aliyekaa na mafaili huku watu wakivuta sumu amevunja haki kwa kukaa kwake. Wananchi wengi hudhani kesi ya haki za binadamu ni dhidi ya mtu aliyepiga au kuua tu. Owino Uhuru imethibitisha kwamba hata uzembe wa ofisi una mlango wa mahakama, na ukipatikana ushahidi kwamba ofisi ilijulishwa mapema, mlango huo hufunguka. Ndiyo sababu nasisitiza ule muhuri wa kupokelewa.

Baada ya hapo wakazi walingoja tena. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa iliitengua ile tuzo ya fidia. Nakumbuka jinsi habari hiyo ilivyowavunja moyo watu wa mitaa mingine waliokuwa wakiitazama kesi hii kama taa yao. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikairudisha. Tangu kufunguliwa kwa shauri mpaka siku hiyo ni zaidi ya miaka minane. Mtoto aliyekuwa chekechea wakati ule alikuwa anaelekea kumaliza shule ya msingi.

Na hukumu dhidi ya serikali haijilipi yenyewe. Hili wateja hawalipendi, lakini ni heri walisikie kwangu mapema. Ukimshinda jirani yako kortini na akakataa kulipa, madalali wanaweza kuchukua gari lake. Huwezi kuwatuma madalali hao wakachukue gari la wizara, sheria inakataza mali ya serikali kukamatwa. Unachukua kwanza cheti cha deni kutoka mahakamani, unakifikisha kwa afisa mhasibu wa wizara husika, ambaye kwa kawaida ni katibu wa wizara. Asipolipa, unarudi kuomba amri iitwayo mandamus, ya kumlazimisha yeye binafsi atimize wajibu wake. Akiikaidi hiyo, anaweza kuadhibiwa kwa kudharau mahakama. Ni safari juu ya safari, na bila kikundi kilichoshikamana watu hukata tamaa katikati. Kwa hiyo, kabla hata ya kufungua shauri, tunawasihi wakazi wawe na kamati yenye katibu anayejua kutunza mafaili, orodha ya kaya zote, na namba za simu za jamaa wa wanaohama.

Je, ni lazima watu waumie ndipo waende? Hapana, na wenzetu wa Lamu wametuonyesha. Septemba 2016 NEMA ilitoa leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi. Kikundi cha Save Lamu pamoja na wakazi hawakungoja moshi. Sheria ya mazingira inatoa siku 60 za kupinga leseni mbele ya Baraza la Kitaifa la Mazingira, nao wakazitumia. Tarehe 26 Juni 2019 baraza likaifuta leseni hiyo, kubwa likiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa kama Katiba inavyotaka. Na kifungu cha 70 kinakwenda mbali zaidi: anayelalamikia mazingira hahitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Kwa fidia utaulizwa hasara yako. Kwa kuzuia, inatosha kuonyesha kwamba haki ya mazingira safi inatishiwa.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kuliko inavyoonekana. Siku 60 hupita upesi, hasa pale ambapo tangazo la leseni huchapishwa katika gazeti la Kiingereza lisilofika kijijini. Wavuvi wa Lamu waliobanwa na ujenzi wa bandari ya LAPSSET, ule mradi wa uchukuzi wa kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, walipata ushindi katika Mahakama Kuu ya Malindi tarehe 30 Aprili 2018, wakatuzwa shilingi bilioni 1.76, lakini kufikia wakati huo bahari waliyoizoea ilikuwa tayari imechimbwa. Fidia ni haki yao, naitetea kwa nguvu zangu zote. Hata hivyo mvuvi yeyote atakuambia kwamba angechagua mwamba wake wa samaki.

Neno moja kuhusu amri za muda, kwani huombwa wakati moto umeshawaka. Kifungu cha 23 kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru hali ibaki ilivyo hadi shauri lisikizwe. Ukiipata amri hiyo leo, ifikishe kwa wahusika leo, uwe na hati ya kiapo ya aliyeifikisha, na nakala zibandikwe mahali pa kuonekana. Wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, walikuwa na amri ya mahakama mkononi, na bado nyumba zao zilibomolewa Novemba 2011. Kesi yao ilifika Mahakama ya Upeo, ikaamuliwa Januari 2021 kwamba mahakama zina uwezo wa kuendelea kuisimamia serikali baada ya hukumu mpaka itekeleze. Sheria yetu ilipata nguvu mpya kutokana na msiba wao.

Ukikamatwa katika harakati hizi, ambalo hutokea, una haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi ikiwa saa hizo zinaishia wakati korti imefungwa. Mwenzako aliyebaki nje aandike jina la kituo na saa uliyoingizwa.

Msaada wa bure upo: Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, na kliniki kama yetu. Ukija, njoo na nakala. Karatasi zenyewe zifunge kwenye mfuko wa plastiki, uziweke nyumbani mahali pasipovuja, na mtu mmoja zaidi katika familia ajue zilipo.