Kibarua ni nani hasa?

Ukikaa Mwanza na kusikiliza watu wakizungumzia kazi, sentensi hii huikosi: "Huyo hana cha kudai, ni kibarua tu." Mnyapara anaisema getini. Ofisa wa rasilimali watu anaisema ofisini, kwa Kiswahili kilichonyooka zaidi. Na linaloudhi kuliko yote, kibarua mwenyewe anaisema, kama mtu anayetaja kabila lake.

Maana yake haina ugumu. Kibarua ni mtu anayefanya kazi ya muda mfupi, analipwa kwa siku au kwa kazi aliyoimaliza, na hakuna aliyemwahidi kwamba kesho ataitwa tena. Nenda Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, asubuhi utawaona: mmoja anashusha magunia ya dagaa kwa tajiri huyu, saa nne anapakia lori la tajiri mwingine, mchana yuko kwa wa tatu au amelala kivulini. Mbalamwezi ikiwaka uvuvi wa dagaa unapungua, na kazi yake nayo inapungua. Hapo neno limekaa mahali pake, sina ugomvi nalo. (Wavuvi wanaolipwa kwa mgawo nawaacha, wana mada yao.)

Neno lenyewe limesafiri sana. Ni "barua" iliyowekewa "ki" ya udogo, yaani kijikaratasi. Unguja ya karne ya 19, nyumba za wafanyabiashara wa Kizungu na wa Kimarekani zilihitaji mikono ya kuchambua sandarusi (utomvu mgumu wa miti) na kubeba mizigo, na wengi walioifanya kazi hiyo walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Mtu akimaliza siku yake alikuwa na kijikaratasi cha kuthibitisha, anakirudisha, analipwa, na sehemu ya malipo inakwenda kwa bwana. Jina la karatasi likahamia kwa mwenye kuishika, kisha kwa kazi yenyewe. Ndiyo maana hadi leo tunasema "kibarua amechelewa" tukimaanisha mtu, na "kibarua kimeota nyasi" tukimaanisha kazi imekwisha. Kurasa za michezo ndizo zinazoitumia hiyo ya pili kuliko wote: kocha mwenye mkataba wa miaka na mshahara wa dola akifukuzwa, kibarua chake kimeota nyasi, na hakuna anayemwambia kwamba kwa sababu hiyo hana haki ya kulipwa.

Baadaye Tanganyika ikaja na kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Unafanya kazi siku moja, nafasi moja inajazwa. Zikijaa zote, unalipwa. Watu walikaa katika mashamba ya mkonge miaka mingi wakihesabiwa kipande kwa kipande. Kwa hiyo kuhesabiwa siku kwa siku na kudumu kazini ni mambo yaliyokaa pamoja tangu zamani, na hapa ndipo tunapokosea siku hizi.

Tunachanganya vitu vitatu. Cha kwanza ni namna ya kulipa: kwa saa, kwa siku, kwa wiki, kwa mwezi. Cha pili ni urefu wa ajira: inaisha lini, au haina mwisho uliotajwa. Cha tatu ni karatasi: je, makubaliano yameandikwa na kutiwa saini? Mtu akiwa analipwa kwa siku, tunarukia kusema ajira yake ni ya siku moja. Akiwa hana karatasi, tunarukia kusema hana mkataba. Kuruka kote huko hakuna msingi.

Mchukue dada anayekata minofu ya sangara kiwandani, Ilemela au Nyamagana, popote. Ana mwaka wa pili anaingia geti lilelile, saa ileile, anavaa gambuti na aproni za kiwanda, kisu ni cha kiwanda, msimamizi ndiye anayemwambia aanze wapi na aondoke lini. Jioni anasaini daftari na kupokea pesa ya siku. Kiwandani anaitwa kibarua. Nyumbani anaitwa kibarua. Kisheria ni mfanyakazi anayelipwa kwa siku, na tofauti ya majina hayo mawili ni kubwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inataja mikataba ya aina tatu: usio na muda maalumu, wa muda maalumu (huo umewekewa masharti yake), na wa kazi maalumu. Huo wa tatu ndio ulio karibu na kibarua wa Mwaloni, kwa sababu kazi ikiisha na mkataba umeisha. Lakini hata huo haumaanishi muda mfupi. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, lilijengwa kwa takribani miaka mitano, nalo lilikuwa kazi maalumu yenye mwanzo na mwisho.

Halafu tazama kifungu cha notisi katika sheria hiyohiyo. Katika mwezi wa kwanza wa kazi, notisi ya kuachishwa ni angalau siku 7. Baada ya hapo, anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, na anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4. Soma tena hiyo ya mwisho. Kama kila anayelipwa kwa siku ajira yake ingekuwa inakufa jioni, notisi ya siku nne baada ya mwezi mzima ingekuwa ya nini? Waliotunga sheria walijua kabisa kwamba mtu anaweza kupokea pesa kila jioni na bado akawa na ajira inayoendelea.

Sheria ya pili ya mwaka huohuo, ile ya Taasisi za Kazi, inakwenda mbali zaidi. Inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, endapo lipo hata jambo moja kati ya yaliyoorodheshwa: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na mwingine, yeye ni sehemu ya taasisi, anapewa vifaa, anategemea kipato cha huyo anayemfanyia kazi, hamfanyii kazi mtu mwingine, au kwa miezi mitatu iliyopita amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi. Kwa mwezi, si kwa wiki. Ni siku tano za saa tisa. (Zile saa 45 za kwa wiki ni kikomo cha saa za kawaida kabla ya kuanza kuhesabu ovataimu, ambayo hulipwa mara moja na nusu. Wengi huzichanganya.) Yule dada wa minofu ametimiza karibu orodha nzima. Jambo moja lingetosha.

Wenye viwanda nao wana hoja, na nisiwafanye wote majambazi. Samaki hawaji kwa ratiba. Leo tani nyingi, wiki ijayo mitambo imesimama. Vinu vya kuchambua pamba navyo vina msimu, nje ya hapo ni kufagia tu. Kumlipa mtu kwa siku alizofanya kazi kunaeleweka, na hakuna sheria inayokataza, mradi kiwango kisishuke chini ya kima cha chini cha sekta husika. Amri ya kima cha chini cha mshahara huvitaja viwango kwa saa na kwa siku pia, siyo kwa mwezi peke yake. Shida inaanza pale namna ya kulipa inapogeuzwa kuwa kisingizio cha kutomwandikisha mtu kwenye hifadhi ya jamii, au kisu kikimkata vidole aambiwe vibarua hawamo kwenye fidia. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Kwa hiyo jibu la "hukuwa unachangia" halina maana yoyote kwake.

Kuna na ule ujanja wa kukata miezi. Mtu anafanya kazi miezi mitatu, minne, anaambiwa "pumzika kidogo", anarudishwa baada ya wiki mbili kana kwamba ndiyo kwanza ameanza. Hesabu ya mwajiri ni kwamba aliye chini ya miezi sita hana likizo ya malipo. Ni kweli, kwa kawaida hana. Ila sheria imeweka wazi kwamba mtu aliyefanya kazi kwa mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, na jumla ya vipindi ikapita miezi sita, anastahili likizo hiyo. Na mfanyakazi wa msimu naye ametajwa kwamba anastahili. Miezi iliyokatwakatwa inaungwa.

Sasa karatasi. Mkataba ni makubaliano: wewe utafanya kazi hii, mimi nitakulipa kiasi hiki. Siku ulipoingia ukaanza, na yeye akalipa, mmekwisha kuwa nao. Kuyaandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri, na sheria inasema wazi kwamba ukitokea mgogoro akashindwa kuleta maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa ni wake. Asiyeandika anajiwekea shida mwenyewe. Lakini ni mpaka mfanyakazi afike mahali pa kuulizwa, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, na kwa aliyeachishwa kazi muda wa kupeleka lalamiko ni siku 30. Wengi siku hizo zinaisha wakiwa bado nyumbani, wameshajihukumu wenyewe kwa neno moja.

Na hata wanaofika, wengine wanaanza vibaya. Wanaulizwa mkataba uko wapi, wanajibu, "Sina mkataba, nilikuwa kibarua." Jibu hilo si kweli, na linamfurahisha aliyekaa upande wa pili wa meza. Lililo kweli ni refu kidogo: "Mkataba wangu haukuandikwa. Nilianza mwezi fulani, nikalipwa kwa siku, kiasi hiki, na aliyekuwa akinipangia kazi ni fulani."