Uayalandi halisi: nani anaupima?

Novemba 1938, Rais wa Ayalandi, Douglas Hyde, alikwenda uwanjani Dublin kutazama timu ya taifa ya soka ikicheza na Poland. Mwezi uliofuata GAA, chama kinachosimamia michezo ya jadi ya Kiayalandi, kilimvua cheo chake cha mlezi. Soka ulihesabiwa mchezo wa kigeni, na kanuni za chama ziliwakataza watu wake kuucheza na hata kuutazama. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1971 tu.

Hapo ndipo dhana ya "Uayalandi halisi" inapoonekana vizuri: imani kwamba kuna namna safi ya kuwa Muayalandi, na kwamba lugha, michezo, muziki au dini ya mtu vinaweza kuipima.

Imani hiyo ina historia. Njaa kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja na kuwahamisha wengine kama hao, hasa wa maeneo ya magharibi yaliyokuwa bado yakisema Kiayalandi. Kiingereza kikatamalaki. Mwaka 1892 mtu mmoja alitoa hotuba akiwahimiza wenzake waache kuwaiga Waingereza, na mwaka uliofuata akashiriki kuanzisha Conradh na Gaeilge, jumuiya ya kufufua lugha. Mtu huyo ni Hyde yuleyule! Na hakuwa mkulima Mkatoliki wa magharibi, sura ambayo wengi waliishika kama kielelezo cha Muayalandi. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kianglikana, na Kiayalandi alijifunza kwa wanakijiji wa Roscommon.

Muziki haukuwa mkali kiasi hicho. Buzuki, ala ya nyuzi ya Wagiriki, iliingia katika muziki wa jadi miaka ya 1960, na leo ukiikuta kwenye baa ya Galway hakuna anayeuliza imetoka wapi. Kwa maoni yangu, kinachoitwa halisi mara nyingi ni kile ambacho watu wameshakizoea.

Wanaobanwa zaidi siku hizi ni watoto na wajukuu wa Waayalandi waliohamia nchi za nje. Sheria inampa haki ya uraia mtu ambaye babu au bibi yake mmoja alizaliwa katika kisiwa cha Ayalandi. Lakini mwenye lafudhi ya London au Boston anaweza kuwa na pasipoti mfukoni na bado akaitwa "Paddy wa plastiki", yaani Muayalandi bandia (Paddy ni jina la utani la Muayalandi), wakati mwingine na binamu zake mwenyewe.