Gari la umeme halina sauti? Inategemea mwendo

Mtwara, kama kwingineko, wengi huamini gari la umeme halisikiki kabisa, kwa hiyo lipigishwe kelele muda wote. Si kweli. Likishapita takribani kilomita 30 kwa saa, matairi yanavuma kwenye lami karibu sawa na ya gari la petroli. Kwenye barabara ya Mikindani, spika ya ziada ingeongeza kero tu.

Hatari hasa iko kwenye mwendo wa kutambaa: gari linarudi nyuma sokoni huku asiyeona anapita. Ndiyo maana Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 138 inataka gari la umeme litoe mlio wa spika tangu linapoondoka hadi kilomita 20 kwa saa: angalau desibeli 50 kwenye mwendo wa 10, na 56 kwenye 20. Mlio lazima ubadilike kadiri mwendo unavyobadilika, ili mtembea kwa miguu ajue gari linaongeza kasi au linapunguza.

Ukinunua lililotumika, lijaribu. Zima redio, msaidizi asimame mita 2 ubavuni, tambaa mbele, kisha rudi nyuma. Asiposikia kitu, kagua fyuzi na spika ya mlio huo, ambayo mara nyingi hufungwa nyuma ya bampa la mbele, panapoingia tope. Magari mengine ya zamani hayakuwekewa kabisa.