Kitafunio cha Mbwa na Kitu cha Kuguguna Ni Vitu Viwili

Siku hizi kila mwenye mbwa na jiko anaoka "mbadala wa ngozi ya kuguguna", yaani ile ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa inayouzwa madukani ili mbwa aigugune. Ukisoma mapishi yenyewe unakuta ndizi iliyopondwa, oti, yai na kijiko cha siagi ya karanga, unga ukakandwa, ukakatwa kwa umbo la mfupa na kuokwa hadi ukauke na kuwa mgumu kama mfupa. Vizuri sana, mbwa atafurahi. Lakini hiyo si mbadala wa ngozi, kama vile chai si mbadala wa mswaki.

Maana kwa kifupi. Kitafunio ni kipande kidogo cha chakula ambacho mbwa hupewa nje ya mlo wake, kumpongeza, kumfundisha au kumdekeza tu, na kinaisha ndani ya sekunde chache. Kitu cha kuguguna ni kile anachokaa nacho: anakibana chini kwa miguu ya mbele, anainamisha kichwa upande, anakisaga kwa magego robo saa, pengine zaidi. Cha kwanza ni cha pua na tumbo. Cha pili ni cha meno, taya na akili iliyochoka kukaa bure. Madukani vyote viwili hupangwa rafu moja, vimeandikwa maneno yaleyale, kwa hiyo sishangai watu wakivichanganya. Ninachoshangaa ni kwamba hata wanaoandika mapishi wanavichanganya.

Mchanganyo wenyewe una historia. Biskuti ya mbwa ilizaliwa kama mlo kamili. Anayetajwa kuwa wa kwanza kuiuza kwa wingi ni James Spratt, Mmarekani mfanyabiashara wa vikinga radi, aliyefika London karibu na mwaka 1860. Inasimuliwa kwamba aliwaona mbwa wakila biskuti ngumu za mabaharia bandarini, akapata wazo la kutengeneza za kwake kwa unga wa ngano, mboga na nyama. Hakuna aliyedai kwamba zilikuwa mfupa. Kisha mwaka 1908, New York, ikatoka biskuti yenye umbo la mfupa, ile ambayo baadaye ilijulikana duniani kwa jina la Milk-Bone. Kwa maoni yangu hapo ndipo tulipopotea. Mbwa hajali umbo la biskuti; umbo ni la kumpendeza anayelipa. Lakini likishakaa machoni mwetu, tunaona mfupa na tunadhani kuna kugugunwa.

Mtazame mbwa mwenyewe akila. Biskuti ikigusa ncha ya jino inapasuka, vipande viwili vitatu vinamezwa, basi. Sehemu ya jino iliyo karibu na ufizi haijaguswa, na huko ndiko utando laini wa bakteria unakojijenga, kisha ndani ya siku chache madini ya mate yanaugeuza kuwa ukoga mgumu usioondoka hata kwa mswaki. Ili kitu kikwangue utando huo, lazima kikubali jino lizame ndani yake bila kuvunjika, kilivute na kulisugua linapotoka. Kinachosugua ni unyumbufu. Ndiyo maana ugumu peke yake hauthibitishi lolote, na ndiyo maana kuna baraza zima la afya ya kinywa cha wanyama, VOHC, linalotoa alama yake kwa bidhaa zilizopita majaribio ya kupunguza utando au ukoga. Biskuti kwa kuwa tu ni kavu haistahili sifa hiyo, iwe ya kiwandani au ya kwako.

Watu wakisikia hivyo hukimbilia upande wa pili: basi nitaoka muda mrefu zaidi, au nitampa pembe ya kulungu, kwato, mfupa uliochemshwa. Hapo tunatoka kwenye kosa dogo na kuingia kwenye kubwa. Gego kubwa la juu, la nne kati ya magego ya mbele, ndilo mbwa analotumia kukata vitu vigumu, na ndilo linalobanduka kipande likikutana na kitu kisichokubali. Mara nyingi kiini cha jino kinabaki wazi, na mwisho wake ni kung'olewa au kuzibwa mzizi chini ya dawa ya usingizi. Mfupa uliopikwa una ubaya wa ziada: hupasuka vijiti vyenye ncha. Madaktari wa mifugo wana kipimo rahisi. Kandamiza ukucha wa kidole gumba juu ya kitu hicho. Ukiacha alama, mpe. Usipoacha, usimpe.

Naielewa hofu ya ngozi, kwa sababu si ya kipuuzi. Ngozi ya ng'ombe hutolewa nywele na mafuta kwa chokaa na kemikali nyingine, kisha hupasuliwa tabaka. La nje huenda kutengenezwa viatu na mikoba, la ndani mara nyingi huoshwa kwa peroksaidi ya haidrojeni hadi liwe jeupe, likakunjwa na kukaushwa. Haliokwi wala halipikwi. Mbwa mlafi akimeza pande zima, linaloana na kuvimba, na linaweza kumkaba koo au kuziba utumbo. Nyama kavu za dukani nazo zilijiharibia jina: kuanzia 2007 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilichunguza malalamiko ya mbwa waliougua baada ya kula vipande vya kuku vilivyokaushwa, vingi vikiwa vimetoka China, na hadi mwisho wa 2015 malalamiko yalipita 5,000. Chanzo hakikupatikana kwa uhakika. Anayeamua kutengeneza chake nyumbani baada ya kusoma hayo ana haki yote. Shida ni kwamba anakimbia kitu cha kuguguna, anarudi na biskuti, halafu mbwa anahamia kwenye mguu wa meza na yeye anashangaa.

Cha kuguguna cha nyumbani kipo, ila hakihitaji unga. Chukua kiazi kitamu, usikate mviringo. Kikate kwa urefu, vipande vinene kama sentimita moja. Vipange bila kugusana, tanuri la nyuzijoto 120 za Selsiasi, kama saa tatu, ukivigeuza katikati. Unachotafuta ni kipande kinachopinda na kukataa kukatika, kama mshipi wa ngozi mkono wako ukiukunja. Kikikatika kwa mlio, umepitiliza na umepata kaukau. Kikitoa maji ukikibana, bado. Hata kikifikia pale hasa, bado kina unyevu ndani, kwa hiyo kiweke kwenye friji na umalize ndani ya siku chache. Ukikisahau kabatini kitaota ukungu. Karoti nzima kutoka kwenye friza nayo inafaa, baada ya kuiacha nje mpaka ipite kipimo cha ukucha. Kwa anayeharibu kila kitu ndani ya dakika moja, jaza mdoli wa mpira wenye tundu kwa boga lililopikwa na kupondwa, kisha gandisha. Anachoguguna hapo ni mpira, boga ni sababu ya kuendelea.

Ukitaka kukausha nyama, ipike kwanza. Kuku afike nyuzijoto 74 ndani kabisa, kisha ndipo umkaushe kwa joto dogo. Kukausha nyama mbichi kwa joto la chini huwapa bakteria muda wa kuzoea. Na chochote kirefu, ngozi au kiazi, kikibaki kipande kinachoweza kumezwa mara moja, kichukue. Kaa na mbwa wako anapoguguna.

Neno jingine linalotumika vibaya ni hilo "cha nyumbani" lenyewe, likitamkwa kana kwamba ni cheti cha usalama. Siagi ya karanga iliyotiwa sukari mbadala ya zailitoli (lebo nyingine huandika E967 tu) inaweza kumshusha mbwa sukari ya damu hadi akazimia ndani ya saa moja, kwa sababu kongosho lake linamwaga insulini kama vile amekula sukari ya kweli. Vitunguu vya aina zote, pamoja na vitunguu swaumu, huharibu chembe nyekundu za damu. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo. Vyote hivi huishi jikoni, havitoki kiwandani kwa siri.

Kisha kuna kalori. Kanuni inayofuatwa na madaktari wengi wa mifugo ni kwamba vitafunio visizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Mbwa mzima wa kilo 10 aliyehasiwa anahitaji takriban kalori 600, kwa hiyo ana kama 60 za kuchezea. Kijiko kimoja cha chakula cha siagi ya karanga kina zaidi ya 90. Oti yenyewe haina kosa, hata kama kila mapishi ya pili yanajigamba "hakuna nafaka". Utafiti wa jeni uliochapishwa 2013 ulionyesha kuwa mbwa, tofauti na mbwamwitu, wamejipatia uwezo wa kumeng'enya wanga katika kuishi kwao na binadamu. Kinachomnenepesha ni kiasi.

Kwa hiyo yale mapishi ya ndizi na oti nayapenda, isipokuwa mstari mmoja, ule unaosema "oka hadi ziwe ngumu kama mfupa". Ubadilishe. Oka hadi zikauke juu zikiwa bado laini katikati, achana na kile kikatio cha umbo la mfupa, na uzikate ndogo kama punje ya njegere. Mbwa anayefundishwa kuitika akiitwa anataka kitu chenye harufu anachokimeza papo hapo na kukutazama tena, na kwa kazi hiyo biskuti yako inaishinda ngozi yoyote.